Mtoto anachemka na anatapika, nimpeleke hospitali lini?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kike ana mwaka mmoja na miezi minne, kliniki mwezi uliopita alikuwa na kilo 10. Tunaishi Mkuranga. Jana usiku alianza kuchemka, nikampima kwapani ikasoma 38.9. Nikampa parasetamoli ya maji, baada ya dakika kama kumi akaitapika yote. Nikarudia, akatapika tena. Leo asubuhi amenyonya akatapika mara mbili, na amepata choo laini mara moja. Mwenye duka la dawa amesema ni UTI, akanipa antibiotiki na dawa ya kuzuia kutapika, akaniambia nisimpe maji mpaka tumbo litulie. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki. Jirani anasema nimfunike atoke jasho, mwingine anasema nimpeleke akatundikiwe dripu. Homa ikishuka anacheza kidogo, ikipanda analegea. Kaka yake aliwahi kupata degedege, kwa hiyo silali. Nifanye nini, na nitajuaje kwamba sasa ni hospitali?"

Marahaba mama, na pole kwa kukesha.

Nikujibu la haraka kwanza, maelezo yafuate. Leo hii, siyo kesho, mpeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akapimwe malaria. Dawa ulizopewa dukani ziweke pembeni, usianze hata moja. Na kuanzia sasa hivi, hata mkiwa kwenye benchi mnasubiri zamu, mpe maji ya ORS, ule unga wa pakiti wenye chumvi na sukari unaochanganywa na maji, kijiko kimoja kimoja. Maji ndiyo uliyokatazwa, na ndiyo anayoyahitaji kuliko kitu kingine chochote.

Una washauri wengi, na karibu wote wanahesabu vitu viwili: joto limefika ngapi, na ametapika mara ngapi. Mimi nakuomba uangalie mengine mawili: nini kinabaki tumboni, na mtoto yukoje homa ikishuka. Hayo ndiyo yatakayokuambia kama mnalala nyumbani au mnaondoka usiku huohuo.

Tuanze na malaria, kwa sababu Pwani ipo. Mtu wa Arusha mjini, ambako ni nadra, ningemuuliza kwanza kama wamesafiri; wewe wa Mkuranga sina haja ya kukuuliza. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kuja na homa na kutapika tu, na choo laini kikafuatia, mzazi akaamini kabisa kwamba ni tumbo. Kipimo cha haraka, MRDT, kinataka tone moja la damu ya kidole na majibu hutoka ndani ya dakika kama 20. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa ya malaria, kwa hiyo usikubali dawa mseto ya kubahatisha. Kama alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, sema mapema: kipimo hicho kinaweza kuendelea kusoma malaria hata vimelea vikiwa vimekwisha, na hapo atahitaji damu yake iangaliwe kwa hadubini.

Malaria ikionekana, kutapika kunabadilisha tiba. Dawa mseto, ile ALu, hutolewa dozi sita kwa siku tatu, na mwili huipokea vizuri zaidi ikiambatana na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Uliza kama wana vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Akiitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo inarudiwa. Akiitapika na ya pili, vidonge hapo vimeshindwa. Mtoto mwenye malaria anayetapika kila kitu tunamhesabu kuwa na malaria kali, na anahitaji sindano ya atesuneti. Usikubali kurudi nyumbani na vidonge ambavyo umeshaona havikai tumboni.

Maneno hayo, "anatapika kila kitu", yana uzito wake. Kwenye mwongozo tunaoutumia kwa watoto chini ya miaka mitano kuna maswali manne yanayotangulia yote: anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea sana au hana fahamu? Kwenye swali la pili akina mama wengi huitikia ndiyo, na siwalaumu, maana ndio waliofua mashuka usiku kucha. Lakini hatuishii kwenye jibu. Tunampa mtoto maji kidogo kwa kijiko mbele yetu, tunasubiri, tunampa tena. Mara nyingi sana yule aliyeambiwa anatapika kila kitu anakaa na vijiko vyake tumboni vizuri tu, kwa sababu nyumbani alikuwa anapewa kikombe kizima. Na mara nyingine kijiko cha kwanza kinarudi, cha pili kinarudi, cha tatu kinarudi. Huyo haendi nyumbani.

Wako ametapika sana, lakini ukiangalia alichopewa mpaka sasa, ni dawa tamu ya maji na titi lililojaa. Homa yenyewe hupunguza mwendo wa tumbo, chakula kikakaa muda mrefu bila kushuka kwenye utumbo mdogo. Kemikali ambazo mwili unazitoa kupambana na vijidudu nazo hugusa sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ndiyo maana mtoto mwenye sikio bovu, tonsili au nimonia anaweza kutapika ingawa tumbo lake halina ugonjwa wowote. Tumbo lililo katika hali hiyo likitanuliwa ghafla, hurudisha. Likipewa kidogo kidogo, kile kidogo huteleza kwenda chini kabla halijashtuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti ya ORS kabla ya kuichana: nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200, na ukikosea hapa umempa mtoto chumvi nyingi mno au maji yasiyo na kitu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Mimina pakiti nzima kwenye kiasi chote cha maji kilichoandikwa; usigawe unga kwa kukadiria kwa macho. Funika, na baada ya saa 24 kilichobaki kimwage utengeneze kingine.

Mkalishe mapajani, kichwa juu. Kijiko kimoja cha chai, subiri dakika moja au mbili, kingine. Ukipata bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe, ni bora zaidi: lipitishe pembeni ya mdomo, ndani ya shavu, sukuma taratibu. Akitapika, mfute, subiri dakika kumi, kisha anza upya polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Atakililia kikombe. Atakikamata kwa mikono miwili akitaka kugugumia, na wewe utamwonea huruma. Usimwachie. Akigugumia mililita 100 kwa mpigo, zote zitarudi kwenye kanga yako, na utarudi kuniandikia kwamba ORS haikai.

Inachosha, najua, na ndiyo sababu watu wanapenda dripu. Lakini piga hesabu nami. Mililita 5 kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, na kwa saa nne ni 600. Mtoto wa kilo 10 aliyeanza kupungukiwa maji tunampangia takriban mililita 750 kwa saa nne. Ukiharakisha kidogo tu, kijiko kila dakika moja na nusu, umefika. Mwite shangazi au jirani, yule anayetaka umfunike mtoto, mpokezane; hiyo ndiyo kazi ninayompa.

ORS inafanya kazi hata tumbo likiwa limevurugika kwa sababu ukuta wa utumbo mdogo una njia inayopitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, na zikipita maji huzifuata. Njia hiyo huendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha. Kinachotakiwa ni uwiano. Glukosi ya unga inayouzwa dukani ni sukari bila chumvi, kwa hiyo haitoshi, ingawa nyumba nyingi huikimbilia kwanza. Soda na juisi ya pakiti ni mbaya zaidi: sukari yao nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka utumboni, na choo laini cha mara moja kinageuka kuhara. Dafu linaweza kukuvusha saa moja wakati mtu ametumwa pakiti, lakini chumvi yake ni ndogo mno kwa mtoto anayepoteza maji. Ile ya nyumbani ya kuchanganya chumvi na sukari nisingependa uitumie kwa mtoto wa umri huu. Mkono ukizidi kwenye chumvi, madhara yake ni makubwa.

Titi usimnyime. Mnyonyeshe dakika chache, mtoe, mpe ORS, mrudishe baadaye kidogo. Saa kadhaa zikipita bila kutapika, mpe uji mwepesi, ndizi au viazi vilivyopondwa, kwa kiasi anachokubali. Siku mbili za kukataa chakula hazinitishi kama anakunywa na kunyonya. Hakuna sababu ya kumfungisha.

Kuharisha kukianza kweli, yaani choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Kwa choo laini cha mara moja bado hatujafika huko.

Sasa homa yenyewe. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo unapandisha kiwango cha joto unachokitaka, kama mtu anayezungusha kidude cha pasi kutoka nailoni kwenda pamba. Mwili unaanza kukitafuta kiwango kile kipya: mishipa ya ngozi inabana, mikono na miguu inapoa, mtoto anatetemeka, huku kifua na kichwa vinawaka. Wengi wakishika miguu ya baridi wakati huo husema homa imeingia ndani. Haijaingia popote, inapanda. Ukimrundikia mablanketi unamwongezea joto ambalo hawezi kulitoa. Ukimmwagia maji ya baridi, atatetemeka zaidi ili arudishe lililopotea. Mvalishe nguo moja nyepesi, fungua dirisha. Akitetemeka mfunike kanga, akiacha iondoe. Spiriti usimpake hata tone moja, inapenya kwenye ngozi na mvuke wake anauvuta.

Kwapani tunaita homa kuanzia 37.5. Hiyo 38.9 ni homa ya kweli, lakini haiunguzi ubongo. Kinachoweza kuharibu ubongo ni baadhi ya magonjwa yanayoleta homa, malaria kali na homa ya uti wa mgongo zikiwa mbele, na ndiyo maana nakuhimiza zaidi kutafuta chanzo kuliko kukimbizana na kipimajoto.

Parasetamoli, basi, ni ya kumpa nafuu: akipoa atakunywa. Haitibu kilicholeta homa. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo wako ni miligramu 100 hadi 150. Kama chupa yako imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, ni mililita 5, kila baada ya saa 6, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Soma chupa, maana zipo za miligramu 250 kwa mililita 5, na mama anayepima "kijiko" kilekile anaweza kumpa mara mbili bila kujua. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Tumia kikombe kidogo cha dawa au lile bomba. Dawa za mafua nyingi zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usizichanganye. Ini la mtoto ndilo litakalolipa.

Akiitapika ndani ya dakika 15 hivi, inaweza kurudiwa mara moja. Umefanya hivyo, na hapo ungekoma, kwa sababu sehemu fulani huenda ilishaingia. Ikiwa kutapika kunaendelea, ipo ya kuweka kwenye njia ya haja kubwa. Ya miligramu 125 inatosha kwa kilo 10. Ukiipa ya njia hiyo, ya mdomo usiipe mpaka saa zake zifike. Akiwa amelala vizuri usimwamshe kwa ajili ya homa. Ibuprofeni isubiri, kwa sababu mtoto aliyepungukiwa maji figo zake ziko hatarini nayo. Aspirini hapana kabisa. Sindano ya diklofenaki "ya kushusha homa" pia hapana, hata ikiwa anayeitoa amevaa koti jeupe.

Turudi dukani. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ipo, na kwa watoto wa kike wa umri huu inaweza kuleta homa na kutapika bila dalili nyingine yoyote, kwa hiyo sisemi mwuzaji ameota. Ninachosema ni kwamba haionekani kwa kumtazama mtoto juu ya kaunta. Inataka mkojo, tena uliokingwa kwenye kikombe safi akiwa anakojoa, baada ya kumsafisha kwa maji, siyo uliokamuliwa kwenye nepi. Kipimo cha malaria kikisoma hakuna na chanzo kingine hakionekani, omba mkojo upimwe. Ukimwanzishia antibiotiki kabla, kuotesha mkojo maabara hakutakuwa na maana, na dawa zenyewe mara nyingi huleta kutapika na kuharisha. Na ukiambiwa ni taifodi kwa kipimo cha Widal peke yake, usikubali haraka. Kipimo hicho huwakamata wengi wasio na taifodi.

Dawa ya kuzuia kutapika ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi kwenye barua yako. Soma jina. Kama ni promethazini, inayotolewa sana kwa watoto na hata kutumiwa kuwalaza, haifai kabisa chini ya miaka miwili. Inaweza kudhoofisha kupumua. Metoklopramidi nayo huweza kumkakamaza mtoto, shingo ikapinda na macho yakageukia juu, na nyumbani kwenu ambako degedege limeshaonekana mngedhani limerudi. Zaidi ya hayo, dawa inayomlewesha inakuondolea dalili unayoitegemea: hutajua kama amelegea kwa ugonjwa au kwa dawa. Hospitalini tunayo ondansetroni, dozi moja, kwa mtoto tuliyempima na aliyeshindwa ORS. Huo ni uamuzi wa anayemwona mtoto.

Mama mkwe usimjibu kwa ukali, anampenda mjukuu wake. Lakini hapa sitazunguka: meno ya plastiki hayapo. Kile kitu cheupe, laini, ambacho mng'oaji humwonyesha mzazi mkononi ni chipukizi la jino la chonge la mtoto, ambalo lingetoka kwa wakati wake. Chonge hutoka kati ya miezi 16 na 23 hivi, kwa hiyo fizi za binti yako zinaweza kuwa zimevimba kweli hivi sasa. Mama mkwe hajaona uongo, ameeleza vibaya alichokiona. Meno yakitoka huleta ute, kusumbuka, labda joto kidogo. Hayaleti 38.9. Kuyachokonoa kunaleta damu, usaha, na watoto wamekufa kwa hilo. Asiguswe fizi na mtu yeyote.

Dripu ina heshima kubwa kuliko inayostahili. Ni maji na chumvi vinavyopitia mshipa, na mtoto anayeweza kumeza na kubakiza hufaidika sawasawa na ORS bila kutobolewa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwetu hapa, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 waliofika hospitali na ugonjwa mkali wenye homa na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: ndani ya saa 48, takriban 10.5 katika kila 100, dhidi ya 7.3. Watoto wa kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo utafiti huo hauikatai dripu kwa mtoto aliyekaukiwa. Huyo dripu inamwokoa. Lakini kwa mtoto ambaye homa yake bado haijajulikana chanzo, "mtundikie tu apate nguvu" ni ushauri wenye hatari. Jirani anapaswa kujua hilo, na baadhi ya vituo pia.

Kuhusu degedege, kwa kuwa kaka yake alipata, uwezekano wake yeye umeongezeka kidogo. Degedege la homa hupata watoto kama 2 hadi 5 katika kila 100, kati ya miezi 6 na miaka 5. Parasetamoli hailizuii, hata ukiipa kwa saa, kwa hiyo usimjazie dawa kwa hofu hiyo. Likitokea, mlaze ubavu mahali pasipo na kitu kigumu na utazame saa. Usimwingize kijiko wala kidole mdomoni, usimpe dawa wala maji, usimfukize. Mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika tano. Likipita dakika tano au likirudi, ni dharura. Na hata likiisha kwa dakika moja, kwa mazingira yenu anakwenda hospitali saa hiyohiyo, apimwe malaria na sukari ya damu, na aangaliwe kama ana homa ya uti wa mgongo. Kuanzia kwa mganga ni kupoteza saa ambazo hamna.

Swali lako la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Umeandika kwamba homa ikishuka anacheza kidogo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa utulivu wa kukuandikia jibu refu hivi. Siku atakapokuwa ameshapoa na bado amelegea, haangalii, hataki kushikwa au haamki vizuri, usimalize kusoma ushauri wa mtu, ondoka. Ondoka pia ikiwa vijiko vya ORS vinarudi vyote kwa saa moja au mbili, ikiwa amekataa titi kabisa, au nepi imekuwa kavu kwa saa sita. Mtazame macho kama yamedidimia, na kama analia bila machozi. Finya taratibu ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu kisha iachie: ya mtoto mwenye maji inarudi papo hapo, ikibaki imesimama kwa muda wa kuhesabu mbili, amekauka sana. Utosi wake huenda haujafunga bado, kwa hiyo uguse akiwa ametulia: kubonyea ni ukavu, kuvimba ni jambo la hatari zaidi.

Matapishi ya kijani, au yenye damu, hayasubiri asubuhi. Vivyo hivyo kilio kikali kinachokuja na kuondoka huku akikunja miguu, hasa choo kikiwa na damu na makamasi: utumbo unaweza kuwa umejiingiza ndani ya wenyewe, na hilo ni la upasuaji. Malaria kali huonekana pia kwa viganja vyeupe, kupumua kwa kasi hata akiwa ametulia, au mkojo mweusi. Shingo ngumu, au vipele vya zambarau visivyopotea ukivibonyeza (kwa ngozi nyeusi tazama viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope), ni bodaboda, ni gari la jirani, chochote kilicho karibu. Na kama anayesoma hapa ana mtoto wa chini ya miezi mitatu, haya ya kusubiri na kutazama hayamhusu: homa yoyote kwa umri huo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mkienda leo, beba kadi ya kliniki na chupa zote za dawa, pamoja na hizi za dukani. Mlangoni, kabla ya kukaa kwenye foleni, mwambie muuguzi kwa sauti kwamba mtoto ana homa na anatapika, na kama vijiko navyo vinarudi mwambie anatapika kila kitu. Maneno hayo yanapaswa kumtoa kwenye foleni. Kipimo kikisoma hakuna malaria na mkarudi nyumbani, endelea na vijiko. Kutapika kwa virusi kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili, kuharisha huchukua wiki hivi. Homa ikiwa bado ipo siku ya tatu, rudi hata kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Vimelea vikiwa vichache mwanzoni, kipimo huweza kuvikosa.

Ukiwa na kadi mkononi, tazama pia kama alipata chanjo ya rota, kirusi cha kuharisha, akiwa wiki ya 6 na ya 10. Kama alipata, nafasi ya kuharisha kwa hatari ni ndogo zaidi. Akishapona, miezi 18 inakaribia na ana chanjo ya pili ya surua na rubela. Homa ya wiki hii si sababu ya kuiahirisha.